Romano Aliga na Mkono Uliomtilia Dawa

Nyinyi mlioanza kutikisa vichwa kabla sijavaa hata miwani, tulieni, maana sijasoma neno na tayari mmeshaniita mwongo, na wewe Obitre uliyesimama karibu na jeneza la kaka yako ukikohoa kikohozi kisicho cha mafua, kaa chini, historia hii imeandikwa kwa tarehe, na tarehe hazibembelezwi na mtu. Najua yanayosemwa hapa matangani tangu Jumanne, kwamba Romano alikuwa mzima, akaoa mwanamke wa ng'ambo ya mto Kaya, nje ya mpaka wetu, mwanamke akamtia kitu machoni, akapofuka, akafa, na kwamba leo saa kumi, kaburi likishafunikwa, ukoo utakaa kumwambia mjane achukue mkeka wake arudi kwao, watoto wabaki. Wajomba wa marehemu wametoka Aroi, wameketi pale mbele, na kwa desturi yetu udongo hauingii kaburini kabla wajomba hawajaambiwa ugonjwa wa mtoto wa dada yao ulianza wapi, ukapita wapi, na nani alimshika mkono, kwa hiyo ninawasomea wao, na asiyetaka kusikia ahesabu mabati ya paa mpaka nimalize.

Marehemu Romano Aliga alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Juni 1972, hapa hapa Adumi, mtoto wa nne wa Mzee Dramadri na Mama Yunia, binti wa Aroi, na kwa kuwa wawili waliomtangulia walikuwa wamekufa kwa surua, aliyekuwa juu yake alibaki dada yake Elena peke yake, wakati huo mwenye miaka kumi na tatu, ndiye aliyembeba mgongoni, na alikuwa mtoto mzito, mwenye kelele, asiyekubali kuwekwa chini. Obitre alimfuata mwaka 1975, na hapo uzazi wa mama yetu ukaishia.

Mwezi wa Oktoba 1980, vita vilipofika huku kwetu, familia ilivuka mpaka kuingia Kongo, ambayo siku hizo iliitwa Zaire, ikakaa upande wa Aru kwa miaka sita ikilima shamba la mtu, na ni huko, wajomba, ndiko ugonjwa huu ulikoanzia, si katika macho ya Romano, bali katika macho ya baba yake. Mwaka 1983 Mzee Dramadri alianza kugonga mabega kwenye milango, kwanza bega la kushoto, kisha na la kulia, na huku anagonga mlango alioujenga mwenyewe, aliweza kumwona mwewe juu angani akamtaja kabla ya vijana, na kwa kuwa watu waliona kwamba anayemwona mwewe hawezi kuwa na macho mabovu, walitafuta aliyemroga, wakampata bila shida, ni yule mwenye shamba, maana alikuwa amegombana na baba juu ya mihogo. Tulihama shamba lake kwa matusi, tukaacha mihogo ardhini, na matusi yale hayakumrudishia baba hata nusu ya jicho. Tuliporudi Adumi mwaka 1986 alikuwa akiona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, mwaka 1988 bomba lenyewe likaziba, na tarehe 30 Aprili 1993 akafariki bila kupimwa macho hata siku moja na mtu yeyote mwenye taa. Siku alipozikwa, Night Poni, huyu mnayemnyoshea kidole, alikuwa na miaka minane, yuko kwao ng'ambo ya Kaya akichunga mbuzi wa mama yake, wala jina la Adumi alikuwa hajalisikia, basi anayetaka kusema yeye ndiye aliyeleta upofu katika boma hili, aeleze kwanza aliuleta vipi akiwa na meno ya utotoni.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa Adumi, akaingia darasa la tatu mwaka 1986 akiwa na miaka kumi na minne, mrefu kuliko mwalimu, akamaliza la saba mwaka 1990, na alichosifiwa zaidi si hesabu wala kuandika, bali macho, kwa sababu aliweza kusoma namba ya gari lingali kilimani, na wenzake walimtuma atazame nani anakuja, kama ni mzazi wa mtu au ni mwalimu mkuu. Sifa hiyo aliipenda sana, na ilimponza, kama mtakavyosikia.

Mwaka 1991 aliingia gereji moja mjini Arua kujifunza ufundi, mwaka 1996 akapata leseni ya udereva, na tarehe 1 Machi 1998 akaajiriwa na Mzee Isa wa Koboko, ambaye yuko hapa leo pamoja na wanawe, akaendesha lori lake kwa miaka ishirini na moja, Arua mpaka Koboko, Koboko mpaka Oraba, na mpaka unapofunguliwa anavuka Kaya, sukari na sabuni kwenda, mbao kurudi, na watu wa forodha, wabadilisha fedha na mama wauza chakula wote waliijua honi yake. Hakuwa malaika, na sitaki padre adanganywe, alipenda kusifiwa, alikatiza watu maneno, neno samahani lilimtoka kwa taabu kama jino, lakini mgonjwa aliyemsimamisha njiani hakumwacha, na mzigo wa mtu haukupungua mkononi mwake.

Hapo Oraba ndipo alipomkuta Night Poni, aliyekuwa na kibanda cha chai na mandazi karibu na mahali lori zinapopangwa, na siku ya kwanza kabisa Romano alionja chai yake akamtania mbele ya madereva wote, "Mama, hii chai iko maji tupu," naye hakuinua hata kichwa, akamjibu, "Dereva, kama unaona iko maji, mto iko pale, enda kunywa bure," madereva wakapiga kelele, na kesho yake Romano alirudi, na kesho kutwa, mpaka wazee wa pande zote mbili wakakutana, wakafunga ndoa ya kimila Koboko siku ya Jumamosi tarehe 18 Februari 2006, na kanisani hapa Adumi tarehe 15 Desemba 2012. Mungu aliwapa watoto watatu, Evelyn aliyezaliwa mwaka 2007, Tongun mwaka 2010, ambaye alipewa jina la babu yake mzaa mama, na Sandra mwaka 2014, na mwaka 2016 vita vya ng'ambo vilipomfukuza mama yake Poni, Romano alimpokea mkwe wake, akamjengea chumba, bila kungoja aombwe.

Sasa nafika mahali ambapo ukoo huu ulifanya ujinga wake wa kwanza, na hakuna aliyerogwa kuufanya. Katekista alitangaza kanisani, na redio ikarudia wiki nzima, kwamba siku ya Jumamosi tarehe 11 Agosti 2018 wataalamu wa macho watakuwa katika uwanja wa kanisa kupima familia nzima, watoto, wazee, walio na miwani na wasio nayo, na sisi tukakaa tukapanga kama tulivyopanga vyandarua, maana vyandarua vilipoletwa alikwenda mtu mmoja na orodha ya majina akarudi na vya wote kwenye baiskeli, mbegu vilevile, kadi vilevile, tukasema familia nzima maana yake orodha nzima, tukaandika majina kumi na mawili kwenye karatasi ya daftari, tukamchagua wa kutuwakilisha mwenye macho makali kuliko wote, Romano, ambaye siku hiyo alikuwa na mapumziko ya asubuhi.

Mpimaji alikuwa Phiona, binti wa Arua aliyesomea kazi ya macho, alikuwa ametundika ubao wenye herufi E zinazotazama juu, chini, kulia na kushoto, kubwa juu na ndogo chini, na kamba ya mita sita imelazwa ardhini ili mtu asiusogelee ubao, akapokea karatasi yetu, akaigeuza, akauliza, "Baba, hawa wengine wako wapi?" Romano akamjibu kwa sauti ya mwenye boma, "Iko nyumbani. Mimi ndio kichwa ya familia, pima mimi, andika wote." Foleni ikacheka, Phiona naye akacheka, akasema, "Sasa mzee, mimi nikipima mguu yako, viatu ya watoto itaingia?" lakini Romano alikuwa amekwisha kusimama kwenye kamba, kiganja kimefunika jicho moja, akaonyesha kwa mkono E zote mpaka mstari wa mwisho, akabadilisha jicho, akafika tena mstari wa mwisho, kisha akamwuliza, "Hakuna ingine ndogo? Hii iko ya wazee."

Wajomba, shikeni hili neno moja hata kama mtaacha mengine yote, ubao ule unapima katikati tu, pale mtu anapoelekeza jicho, haupimi pembeni, na ugonjwa wa baba yetu ulikuwa unaanza kula pembeni, polepole, bila maumivu, bila wekundu, ukiacha katikati mpaka mwisho kabisa, ndiyo maana mzee aliweza kumtaja mwewe na kugonga mlango. Phiona alimwambia hivyo hivyo, akamwambia mtu aliyepita miaka arobaini aingie kwenye hema akaangaliwe kwa taa ndani ya jicho na kupimwa presha ya jicho lenyewe, akamwuliza kama kuna mtu kwao aliyepofuka, na marehemu alijibu kwa kifupi, "Baba yangu. Walimroga," akatazama foleni ya hema, akakumbuka lori limeshapakiwa Koboko, akakunja kikaratasi alichoandikiwa akakitia mfukoni, akarudi nyumbani akasimama uani akatuambia, "Sisi wote iko sawa." Tulichinja kuku, tukala, kwa furaha ya macho ya watu kumi na wawili, ambao kumi na mmoja hawakutoka nyumbani siku ile, na dada yake Elena alikula paja.

Ujinga huo ulizaa. Tongun, aliyekuwa na miaka minane, alikuwa akinakili ubaoni kwa kutazama daftari la jirani yake, mwalimu alituma habari kwamba labda mtoto haoni vizuri, na baba yake akajibu kwamba macho yamepimwa, yako sawa, basi iliyobaki ni uvivu, na uvivu ukatibiwa kwa fimbo mwaka mzima na zaidi, mgongoni mwa mtoto ambaye kosa lake lilikuwa kukaa mbali na ubao.

Tarehe 5 Novemba 2019, saa nne asubuhi, jua kali, barabara kavu, kati ya Koboko na Oraba, marehemu aligonga mwendesha baiskeli aliyekuwa upande wake wa kushoto, mtu huyo akavunjika mguu, akapona, ashukuriwe Mungu, na Romano aliapa mbele ya polisi kwamba hapakuwa na baiskeli. Mzee Isa alikuwa amekaa naye ndani ya lori siku hiyo, na maneno aliyomwambia hapo kando ya njia marehemu aliyarudia mwenyewe mara nyingi, "Romano, wewe ndugu yangu, sisi wawili tulikuwa hapa pamoja. Mimi niliona huyo mutu tangu mbali. Wewe hapana ona. Leta funguo." Alitoa funguo, akarudi Adumi kwa miguu yake, na hakuendesha tena gari mpaka kufa.

Tarehe 12 Februari 2020 mke wake alimpeleka hospitali mjini Arua, na huko ndiko alikoangaliwa kwa mara ya kwanza kama inavyotakiwa, wakamwekea tone la ganzi, wakagusa jicho kwa chombo laini kupima presha, wakamulika ndani mpaka kwenye mshipa unaopeleka kuona kwenye ubongo, wakamkalisha mbele ya mashine aseme kila anapoona nukta inamulika pembeni, naye alikaa pale akingoja nukta, nukta zilikuwa zikimulika, hakuziona. Daktari alimwambia ni presha ya macho, jicho la kushoto pembe zake zimekwisha, la kulia limebaki tundu, kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote, na kwamba ugonjwa huu unafuata damu, kwa hiyo ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wote wapimwe, kila mtu na macho yake. Alirudi akatueleza yote, hakuficha, sisi tukashika neno moja tu, kwamba dawa haitarudisha macho, tukaulizana dawa isiyorudisha macho ni ya kazi gani.

Kwa kuwa mikono ya marehemu ilitetemeka na matone yalimwangukia shavuni, Night Poni ndiye aliyemtilia, saa moja asubuhi na saa moja jioni, tone moja kila jicho, kisha anamkandamiza kwa kidole pembeni mwa pua ili dawa isikimbilie kooni, na mwezi wa Machi 2020 magari yaliposimamishwa kwa ajili ya korona, alitembea kwa miguu kutoka hapa mpaka Arua kuchukua chupa, na kurudi, zaidi ya mara moja, akiwa na Sandra, na mtoto alipochoka akimbeba mgongoni. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo marehemu alipimwa tena, na karatasi hizi hapa mbili, wajomba mtazichukua mkasomewe na mtu yeyote mnayemwamini, ya Februari na ya Septemba, zinaonyesha kitu kimoja, tundu la Februari ndilo tundu la Septemba, katika miezi saba ile hakupoteza kitu. Kwa tundu hilo alikuwa anaona uso wa mtu aliyekaa mbele yake, aliona sahani yake, alimsomea Sandra kitabu cha darasa la kwanza mstari kwa mstari.

Kisha tukaja sisi. Mwezi wa Januari 2021 Obitre alikaa na dada yake uani akasema, "Dada, wewe hapana ona? Kila siku huyu mwanamke anamwaga maji ndani ya macho ya kaka, na kila siku kaka haoni. Munangoja nini?" na maneno hayo yalionekana yana akili, kwa sababu kweli tulimwona anatia, na kweli kaka haoni, na kuunganisha vitu viwili hakuhitaji shule. Siku ya Jumamosi tarehe 16 Januari, Poni akiwa sokoni, chupa mbili zilichukuliwa kutoka juu ya kabati, zikamwagwa kwenye jalala la majivu, zikapondwa kwa jembe, na aliyemwaga na kuponda si Obitre, wajomba, aliyemwaga ni dada yake mkubwa, Elena Driwaru, huyu anayewasomea, kwa mikono hii inayoshika karatasi. Poni aliporudi na kuziulizia, dada huyo alimwambia, "Wewe na maji yako, kaa mbali na mutu yetu," na alipoleta chupa mpya akazuiwa mlangoni, na marehemu akapelekwa kwa mtu wa mizizi upande wa mpakani, akaoshwa uso kwa majani kwa miezi mitano, na kila mwezi tulimwuliza kama anaona vizuri zaidi, naye, kwa kuwa alipenda kutufurahisha, alisema kidogo.

Jumapili tarehe 13 Juni 2021 tulitoka misa ya saa nne, tukakaa uani, jua limetuchoma migongo wote, marehemu akauliza kama mvua inakaribia, mbona kumefunga hivi. Mama Yugu, jirani yetu, aliyekuwa akipepeta mtama, aliweka ungo chini. Poni alimshika mkono, akamwambia, "Baba Evelyn, twende," akampeleka hospitali siku iliyofuata, na daktari hakutugombeza, afadhali angetugombeza, aliandika tu kwamba dawa ilisimamishwa miezi mitano, na kwamba macho yote mawili sasa hayaoni mwanga.

Tarehe 9 Aprili 2022 Night Poni, ambaye hakuna aliyemtuma, alimleta Phiona hapa nyumbani, na mara hii kila mtu alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, mmoja mmoja, ubao wa mbali kwanza, kisha kadi ya kusoma karibu, kisha Phiona akakaa uso kwa uso na mtu, akamwambia atazame pua yake asiyumbishe jicho, akaleta vidole kutoka pembeni aone vinaonekana lini, kisha taa, kisha presha. Evelyn alikutwa mzima, akaambiwa arudi kila mwaka kwa sababu ya damu yake. Sandra vilevile. Tongun alikutwa haoni mbali, hana ugonjwa mwingine, akaletewa miwani baada ya wiki mbili, akaivaa, akatazama ng'ambo ya bonde akauliza tangu lini nyumba ya Mama Yugu ina madirisha mawili, baba yake akasikia, akamwita, akamshika kichwa kwa mikono miwili, na lile neno la samahani lililokuwa likimtoka kwa taabu likatoka, mbele yetu sote, na mtoto huyo mwaka jana alishika nafasi ya tatu darasani. Elena, dada wa marehemu, aliyesoma ubao mpaka mstari wa pili kutoka chini na kuanza kujivuna, alipofika kwenye vidole hakuviona vya upande wa kushoto mpaka vikakaribia pua, na presha ikakutwa juu macho yote mawili, ni ugonjwa ule ule, wa baba, wa Romano, na sasa wake.

Na tangu siku hiyo, wajomba, anayemtilia Elena dawa asubuhi na jioni, kwa kuwa vidole vya Elena vimekakamaa, ni huyu huyu Night Poni, hakusema neno juu ya jalala, alinawa mikono akauliza tuanze na jicho gani. Imepita miaka mitatu na zaidi, matone zaidi ya elfu mbili kila jicho, kutoka mkono mnaosema unapofusha, na anayewasomea maandishi haya, ambayo ni madogo maana karatasi ilikuwa haba, ni nani? Obitre siku ile ya Aprili alikataa kukaa kwenye kiti, alisema, "Mimi naona mpaka Kongo," akaondoka.

Siku ya Pasaka mwaka 2024, mbele ya wazee watatu ambao wako hapa na wanajua ninawatazama, marehemu mwenyewe alisema, "Hapana sema bibi yangu. Hiyo dawa yake ndio iliniwekea macho kidogo. Ni nyinyi mulimwaga. Mimi nimesamehe, lakini musiongeze uongo juu." Haya ni maneno ya mwenye macho, na kama mtu ana maneno mengine ya marehemu juu ya jambo hili, aseme tarehe.

Katika miaka yake ya giza marehemu hakukaa kama gogo, alisuka kamba, alitengeneza viti, na kila aliyekuja kumsalimu, kabla hajaulizwa habari za nyumbani, aliulizwa kama amepimwa, yeye mwenyewe na si kaka yake. Tarehe 17 Mei 2025, siku ya Jumamosi, alilalamika kichwa, mkono wa kulia ukalegea, mke wake na Mzee Isa wakampeleka hospitali, wakaambiwa ni kiharusi kutokana na presha ya damu, wala si macho, wala si kitu alichokula, na siku ya Jumanne tarehe 20 Mei, saa nne asubuhi, alifariki, zikibaki siku ishirini atimize miaka hamsini na mitatu, mkono wake ukiwa umeshikwa na Poni, aliyemshika tangu mwanzo wa ugonjwa. Ameacha mjane mmoja, watoto watatu, dada mmoja na mdogo wake mmoja.

Juu ya huyo mdogo wake nina neno la mwisho, na nalisema kwa sababu ni wa tumbo moja nami. Jana jioni mlipoliingiza jeneza, Obitre alikuwa mbele kushoto, akamkanyaga mama mkwe wa marehemu aliyekuwa amekaa kwenye mkeka upande ule, mwanamke mzima mwenye kanga nyekundu, akamwomba radhi akasema hakumwona, na leo asubuhi amegonga bega kwenye mwimo wa mlango huu, la kushoto. Obitre, mdogo wangu, wewe na mimi tumemwona mtu mwingine akigonga hivyo. Phiona amekaa pale nyuma, ana kibegi chake. Hata ukimfukuza Poni na watoto wote, bega hilo litaendelea kugonga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu Arua na Koboko, inamshukuru Phiona aliyekuja mpaka nyumbani, Mzee Isa na madereva wa njia ya Oraba waliokuja na malori yao kubeba wageni, majirani waliochimba kaburi na kuteka maji, hasa Mama Yugu, padre na katekista wetu, na wajomba wa Aroi waliokubali kuketi wakasikia mpaka mwisho.

Romano, mtoto mzito usiyekubali kuwekwa chini, leo tunakuweka, ulale kwa amani, hakuna anayekudai.

Kikao cha saa kumi kinamtaka shangazi wa watoto aketi, bila yeye hakina nguvu ya kumtoa mjane katika boma, na shangazi wa watoto hawa ni mmoja tu. Akimaliza mstari huu atawapa wajomba karatasi za hospitali, atapita kati yenu, ataingia nyumbani kwa Night Poni, na mlango ataufunga.